Kimbunga Hupita, Maji Machafu Hubaki

AFYA NA USAFI WA MUISLAMU



Somo letu la leo linahusu vimbunga vya pwani ya Afrika Mashariki: historia yake, madhara yake, na hasa maradhi yanayofuata nyuma yake. Huenda wewe uliyeko Kamsamba, chini katika bonde la Ziwa Rukwa, ukauliza: "Bahari mimi naisikia tu. Kimbunga kinanihusu nini?" Swali hilo ni zuri na jibu lake ndilo kiini cha somo hili. Upepo wa kimbunga hupoa haraka unapoingia nchi kavu. Lakini mvua yake husafiri mamia ya kilomita kuelekea bara, na kipindupindu kinachofuata mafuriko husafiri mbali zaidi, kwa basi, kwa lori na kwa mgeni aliyekuja kuzika.

KIMBUNGA NI NINI?

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, kwa kawaida joto linalozidi nyuzi 26 za Selsiasi. Maji hugeuka mvuke, mvuke hupanda, na hewa inayokimbilia kujaza nafasi huanza kuzunguka kwa sababu ya mzunguko wa dunia. Katikati huwa na sehemu tulivu inayoitwa jicho la kimbunga. Jicho hilo ni la hatari, kwani upepo ukikatika ghafla watu hudhani mambo yamekwisha, wakatoka nje, kisha upepo ukarudi kutoka upande wa pili ukiwa na nguvu zile zile.

Karibu na mstari wa Ikweta nguvu ya kuizungusha hewa ni ndogo. Ndiyo maana pwani ya Tanzania hupigwa na vimbunga kwa nadra, ilhali Msumbiji na Madagaska hupigwa mara kwa mara. Nadra, hata hivyo, si sawa na kamwe.

UNGUJA, 1872

Tarehe 15 Aprili 1872, sawa na mwezi wa Safar mwaka 1289 Hijria, kimbunga kikali kilipiga kisiwa cha Unguja. Huo ulikuwa mwanzoni mwa utawala wa Sayyid Barghash bin Said (1870–1888). Majahazi na merikebu zilizokuwa bandarini zilitupwa ufukweni au kuzama, zikiwemo meli za Sultani mwenyewe. Nyumba nyingi zilibomoka. Mashambani, minazi ilikatika na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa. Mkarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, hivyo hasara ya siku moja ikawa hasara ya muda mrefu. Pemba kwa sehemu kubwa ilinusurika, na tangu hapo ikaipita Unguja kwa uzalishaji wa karafuu.

Tuseme neno kuhusu Safar. Wapo ndugu zetu ambao mpaka leo huuona mwezi huo kuwa ni wa mikosi. Mtume (s.a.w.) aliikanusha itikadi hiyo. Kimbunga hakikuja kwa sababu ya Safar. Kilikuja kwa qadari ya Allah (s.w.) na kwa sababu alizoziweka katika bahari na hewa, nasi tumeamrishwa kuzijua sababu na kuchukua hadhari.

Jambo la pili ni la afya. Miaka miwili tu kabla ya kimbunga hicho, yaani 1869 na 1870, Unguja ilikuwa imepigwa na kipindupindu kilichoua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1876. Wakati huo watu wa mjini walitegemea visima vifupi vilivyochimbwa katikati ya makazi. Baadaye Sayyid Barghash aliwaletea maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi iliyoko upande wa Bububu. Kazi hiyo ya maji inastahili kukumbukwa kuliko hata majumba aliyoyajenga.

Baada ya hapo, Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita karibu na Mtwara kikaangukia Cabo Delgado, Msumbiji. Na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia na kuleta mvua kubwa katika mikoa ya pwani na kusini.

BEIRA, 2019: SOMO LA ZAMA ZETU

Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019, Kimbunga Idai kiliupiga mji wa bandari wa Beira, Msumbiji. Upepo uliezua mapaa na kukata umeme na simu. Lakini balaa kubwa zaidi lilikuja baadaye. Mito Pungwe na Buzi ilifurika ikakutana, na bonde likawa kama bahari ndogo ya maji ya matope. Watu walikaa juu ya miti na mapaa kwa siku kadhaa wakisubiri kuokolewa. Katika Msumbiji pekee waliofariki walizidi 600, na watu zaidi ya milioni moja na nusu waliathirika.

Sasa wewe wa bara zingatia hapa. Chimanimani ni wilaya ya milimani huko Zimbabwe, mbali na bahari kwa takriban kilomita 200. Mvua ya Idai ilipofika huko, milima iliporomoka usiku juu ya nyumba za watu, na mamia wakafariki. Mwaka 2023 hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Kimbunga Freddy. Blantyre, mji wa Malawi usio na bahari, ulikumbwa na maporomoko ya udongo. Waliokufa na waliopotea wasionekane tena nchini humo walizidi 1,000. Hivyo basi, kauli ya kwamba kimbunga ni cha watu wa pwani si sahihi.

BAADA YA UPEPO, KIPINDUPINDU

Ndugu msomaji, mafuriko hufanya jambo moja la hatari sana: huchanganya choo na kisima. Vyoo vya shimo hujaa na kutapika, maji hayo hutiririka hadi mtoni na visimani, na mabomba yaliyopasuka huvuta uchafu ndani.

Tarehe 27 Machi 2019, siku chache tu baada ya Idai, Msumbiji ilitangaza kipindupindu. Tarehe 3 Aprili chanjo ya matone ya mdomoni ilianza kutolewa, na watu zaidi ya 800,000 wakaipata. Vituo vya matibabu vilifunguliwa karibu na makazi. Waliougua walikuwa zaidi ya 6,000. Waliofariki walikuwa wanane.

Linganisha na Malawi. Kipindupindu kilianza huko kusini Machi 2022, baada ya dhoruba Ana. Hakikukoma. Kilipanda kaskazini hadi kikaenea wilaya zote 29, ikiwemo Chitipa inayopakana na Ileje, hapa mkoani Songwe. Waliougua walikaribia 59,000 na waliofariki walizidi 1,700. Kwa hesabu nyepesi, katika kila wagonjwa 100 walikufa takriban watatu, wakati Beira alikufa mmoja katika takriban wagonjwa 800.

Ugonjwa ulikuwa ule ule. Tofauti mojawapo kubwa ilikuwa ni saa. Malawi wengi walifika hospitali wakiwa wamechelewa, na wengine hawakufika kabisa. Mwishoni mwa 2023 Zambia nayo ikapata mlipuko ulioua zaidi ya watu 700, wengi wao Lusaka. Nasi tunajua barabara ya Lusaka inaishia wapi: Nakonde, kisha Tunduma.

KAMSAMBA INAINGIAJE?

Kwanza, kimbunga kilicho mbali katika Bahari ya Hindi hubadili mkondo wa upepo wa nchi nzima. Kutegemea mahali kilipo, kinaweza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo na kuongeza mvua kwetu, au kinaweza kutunyang'anya mvua. Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitangaza kimbunga katika Rasi ya Msumbiji, usizime redio kwa kudhani hayakuhusu.

Pili, Kamsamba iko bondeni. Mto Momba hukusanya maji ya nyanda za juu na kuyashusha Ziwa Rukwa, ziwa ambalo halina mto wa kutoka. Uchafu ulioachwa juu hushuka chini. Mafuriko ya Momba na mafuriko ya Pungwe hutofautiana kwa ukubwa, si kwa tabia.

Tatu, ni njia ya watu. Daraja la mto Momba linaunganisha mikoa ya Songwe, Rukwa na Katavi. Wanunuzi wa mpunga, wafugaji, wavuvi na wasafiri wa mpakani hupita. Mtu aliyebeba vijidudu vya kipindupindu anaweza asiumwe kabisa au aharishe kidogo tu, na bado akaviacha chooni au mtoni.

TWAHARA NA USALAMA WA MAJI SI KITU KIMOJA

Hapa ndipo nyumba nyingi za Waislamu hukosea. Tumefundishwa madrasa, na ni sahihi, kwamba maji mengi yaliyofika kullatein (takriban lita 200) hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu rangi, ladha na harufu havijabadilika. Hiyo ni hukmu ya twahara, nayo inatuhusu katika kutawadha, kuoga na kufua.

Lakini kijidudu cha kipindupindu hakina rangi, ladha wala harufu. Maji ya Momba yanaweza kuwa twahara kwa wudhu na wakati huo huo yakaua mtoto akiyanywa. Fiqhi haikusema kwamba kila maji twahara yanafaa kunywewa. Kujidhuru ni haramu, na anayekunywa maji anayojua yana hatari hawezi kujitetea kwa kusema yalikuwa twahara.

Je, kusukutua? Kipindupindu huingia kwa mdomo. Wakati wa mlipuko, maji ya hodhi la msikiti na ya ndoo ya kutawadhia yatiwe dawa ya klorini kama ya kunywa. Yasipopatikana yaliyotiwa dawa, kumbuka kwamba kwa wengi wa wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii, kusukutua ni sunna ya wudhu na si nguzo. Sukutua kidogo, tema yote, na mfundishe mtoto asimeze. Na maji safi yakiwa machache kiasi cha kutosha kunywa tu, sheria imetupa tayammum. Roho kwanza.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Maji ya kunywa. Kama yana tope, yaache yatuame, kisha yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Utafiti uliofanywa vijijini Bangladesh na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuchuja kwa sari kuukuu iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Nusu ni nyingi, lakini haitoshi. Baada ya kuchuja, chemsha mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja au zaidi, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri nusu saa.

2. Chombo. Maji yaliyochemshwa huharibika kwa kikombe kinachozamishwa na mkono. Tumia dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye koki. Mtume (s.a.w.) alituagiza kufunika vyombo usiku. Sunna hiyo haina gharama.

3. Mikono. Istinjaa kwa maji ni neema, lakini maji peke yake hayatoshi kuondoa vijidudu mkononi. Weka sabuni, au angalau majivu, karibu na choo. Osha mikono miwili, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kopo la chooni lisitumike kwa kazi nyingine, na lisuguliwe kwa sabuni kila siku.

4. Choo. Kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na upande wa chini wa mteremko. Mtume (s.a.w.) alikemea vikali kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Anayejisaidia kando ya Momba au kwenye majaruba ya mpunga anawadhuru walioko chini yake. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni. Wengi hudhani hakina madhara, nacho kina.

5. Chakula. Kiliwe kikiwa cha moto. Wakati wa mlipuko epuka matunda yaliyokwisha katwa, kachumbari isiyooshwa kwa maji salama, na samaki ambao hawajaiva.

AKIUGUA MTU

Kipindupindu huja ghafla: kuharisha maji mengi meupe kama maji yaliyooshewa mchele, pengine na kutapika. Mgonjwa aliye mahututi anaweza kufariki ndani ya saa chache, kwa kuishiwa maji na chumvi mwilini. Asiyetibiwa yuko hatarini sana. Anayetibiwa mapema, kwa idhini ya Allah, karibu daima hupona.

Mpeleke kituo cha afya mara moja. Na tangu mnapotoka nyumbani mpaka mnapofika, mnyweshe. Kama pakiti ya chumvichumvi (ORS) haipo, tengeneza: lita moja ya maji salama, sukari vijiko sita vidogo, chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vikisawazishwa juu. Onja. Isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya. Mpe kidogo kidogo bila kuacha. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Watoto hupewa pia vidonge vya zinki, ambavyo vinapatikana kituoni.

Ikiwa ni Ramadhani, mgonjwa afungue. Allah (s.w.) amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqara, na atalipa siku nyingine. Kumficha mgonjwa kwa kuona haya, au kumzungusha kwanza kwa waganga, ndiko kulikowafanya wengi kufika wakiwa wamechelewa.

Kuhusu safari, Mtume (s.a.w.) ametufundisha tusiingie katika mji wenye tauni, wala tusitoke humo kwa kuikimbia. Wanazuoni wameichukua hadithi hiyo kuwa ni msingi wa karantini. Basi usimsafirishe mgonjwa kwenda kijiji kingine kwa ndugu zake. Mtibu alipo.

AKIFARIKI MTU

Hili ni jukumu letu Waislamu kwa namna ya pekee, kwa kuwa sisi humwosha maiti kwa mikono yetu. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu hubaki na vijidudu. Mwite afisa afya kabla ya kuosha na fuateni maelekezo yake. Waoshaji wawe wachache, wavae glavu na aproni ya plastiki, watumie maji yenye klorini, na wasilikamue tumbo. Maji yaliyotumika yamwagwe shimoni mbali na kisima, si uani. Nguo na kitanda vitiwe dawa. Wataalamu wakiona kuosha kuna hatari kubwa, wanazuoni wamebainisha kwamba maiti hufanyiwa tayammum, na haki yake inakuwa imetimia.

Aliyeosha asipike. Na ingefaa sana, wakati wa mlipuko, chakula cha matanga na khitma kiahirishwe. Dua humfikia marehemu bila ya sinia. Tumwombee pia kwa matumaini makubwa, kwani Mtume (s.a.w.) amemtaja anayekufa kwa maradhi ya tumbo miongoni mwa mashahidi.

WAJIBU WA MSIKITI

Kamati ya msikiti isisubiri mlipuko. Kabla ya masika, wajumbe wakague choo na hodhi, wanunue klorini na sabuni, na wawe na pakiti za ORS akiba. Imamu atumie dakika tano za khutba ya Ijumaa kufundisha kipimo cha sukari na chumvi. Kina mama wa darsa wajue nani katika mtaa ana wazee au watoto wachanga, na nani ana chombo cha kumfikisha mgonjwa kituoni usiku. Haya ni mambo madogo, lakini huokoa maisha.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuutukana upepo, akatufundisha tumwombe Allah kheri yake na kujikinga kwake na shari yake. Pia alimwambia mtu mmoja amfunge ngamia wake kisha ndiyo atawakali. Tukiomba dua huku ndoo ya maji iko wazi na choo kimejaa, bado hatujamfunga ngamia.

MASWALI YA DARSA

1. Kwa nini pwani ya Tanzania hupigwa na vimbunga kwa nadra kuliko Msumbiji?
2. Eleza tofauti kati ya maji twahara na maji salama. Toa mfano kutoka mtaani kwako.
3. Taja kipimo cha sukari na chumvi katika lita moja ya maji. Kila mmoja nyumbani, pamoja na watoto, akiseme kwa moyo.
4. Ukiugua mtu saa nane usiku leo, mtampelekaje kituo cha afya?

Swali la nne lijibiwe usiku huu huu kabla ya kulala.

Wabillahi tawfiq.